Si Kila Uvimbe wa Ubongo ni Saratani, Lakini Kila Mmoja Wahitaji Daktari

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la chifu)

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufikisha habari. Lakini jambo la leo lilifika kwetu nyumbani kabla ya kufika ofisini.

Shangazi yangu alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka 46. Utotoni hakuwahi kuanguka hata siku moja. Tukasema amerogwa. Tuliuza mbuzi, tukazunguka kwa waganga karibu miaka miwili. Alipopigwa picha ya kichwa, alikutwa na uvimbe uitwao meninjioma. Alifanyiwa upasuaji, na leo anauza mboga sokoni. Lakini jicho moja lilikuwa limeshapoteza nuru, na haikurudi. Miaka hiyo miwili ndiyo iliyonisimamisha hapa.

Kuna uvimbe unaofika kwenye ubongo kutoka kwingine, kwa mfano saratani ya matiti au ya mapafu iliyosambaa. Kuna na ule unaoanzia kichwani kwenyewe. Huu wa pili ndio ninaouzungumzia. Aina zake ni nyingi. Hizi hukutwa mara kwa mara:

Meninjioma. Huota kwenye utando unaofunika ubongo. Ndiyo inayoongoza kwa watu wazima, na wanawake huipata zaidi. Mara nyingi si saratani na hukua polepole. Ikiwa ndogo, daktari anaweza kuifuatilia kwa picha bila kupasua.

Glioma. Huanzia kwenye seli zinazoshikilia na kulisha seli za neva. Baadhi hukua taratibu. Iliyo kali zaidi, glioblastoma, ni saratani ya daraja la 4. Hutibiwa kwa upasuaji, mionzi na dawa, lakini hurudi mara nyingi.

Uvimbe wa pituitari. Hii ni tezi ndogo chini ya ubongo inayoongoza homoni. Hedhi yaweza kukatika, maziwa yakatoka kwa mama asiyenyonyesha, au mtu akashindwa kuona pembeni. Mara nyingi si saratani.

Shwanoma ya mshipa wa kusikia. Sikio moja huvuma na kupoteza usikivu kidogo kidogo. Kwa kawaida si saratani.

Meduloblastoma. Huwapata zaidi watoto. Huota nyuma ya kichwa, mahali panaposawazisha mwendo. Mtoto hutapika asubuhi na kuyumba akitembea. Ni saratani, lakini inatibika.

Msidhani kwamba isiyo saratani haina neno. Fuvu ni mfupa, halipanuki. Kinachoota ndani hukandamiza ubongo.

Kichwa kuuma peke yake mara nyingi si uvimbe. Lakini nendeni hospitalini mkiona haya: maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, hasa asubuhi pamoja na kutapika, kifafa kinachoanza ukubwani, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, macho kufifia, ulimi kuwa mzito, au mtu kubadilika tabia bila sababu.

Anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko mtaandikiwa barua ya rufaa kwenda penye mashine ya CT au MRI, na kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Wahudumu wa afya ya jamii mnaowajua vijijini watawaelekeza.

Tena, jisajilini na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Piga *147# kwenye simu yako. Usingoje kuugua, maana mgonjwa akishalazwa, familia huanza kuhangaika na michango.

Anayetaka kumwombea mgonjwa wake na amwombee. Ila amwombee wakiwa njiani kwenda hospitalini.