Maji Ndani ya Tangi la Ndege

Msikilizaji, ndege ndogo iliyolala nje usiku kucha uwanjani Wilson, Nairobi, tangi likiwa nusu, inaweza kuamka asubuhi ikiwa na maji ndani. Hewa ya tangini hupoa, unyevu wake hugeuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini, karibu na mahali injini inapovutia mafuta. Ndiyo maana ni vyema kujaza tangi jioni, ili isibaki nafasi kubwa ya hewa.

Asubuhi, rubani, kabla ya kuwasha injini, kinga mafuta kidogo kutoka valvu ya chini ya kila tangi kwa kichupa kinachopitisha mwanga. Petroli ya ndege aina ya 100LL ni ya buluu. Maji hayana rangi na hujitenga chini. Jihadhari: kichupa kikijaa maji matupu, hakuna mstari kati ya maji na mafuta wa kukuonya. Tazama rangi, kisha unuse. Ukikuta maji, mwaga, ukinge tena mpaka yatoke mafuta safi.

Lakini tangi lililojaa huongeza uzito, na Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri ya jua kali hewa huwa nyepesi mno, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kupaa. Piga hesabu ya uzito mapema.

Nawe abiria unayealikwa matembezi ya angani, muulize rubani kama amekagua mafuta. Kama bado, usipande.