Sikiliza Kwanza, Ufungue Baadaye
Hotuba kwa vijana wanaojifunza ufundi wa motakaa katika Kaunti ya Kwale



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo liletalo ugomvi baina ya fundi na mwenye gari, nalo ni kelele zitokazo chini ya motakaa ya zamani. Mwenye gari hufika na kusema, "Difu imekufa." Fundi asiye na subira huitikia na kushika spana papo hapo. Jioni vyuma vimetandazwa juu ya gunia na fedha zimekwisha, na kesho yake gari likiondoka, kelele ni ile ile. Hasara hii yaweza kuepukwa.

Nitachukua kwa mfano motakaa moja ya mashindano ijulikanayo sana katika nchi zetu, yaani Datsun 240Z ya Japan, yenye injini ya silinda 6. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na gari la namna hii lilishinda mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na Datsun za namna hii zimeshiriki humo. Gari lililoweza kushinda katika njia zile si dhaifu. Lakini mpira na grisi huzeeka hata katika gari la bingwa.

Kwanza yatupasa kuijua njia ya nguvu. Nguvu hutoka katika injini, ikapita klachi, ikaingia gia boksi, ikafuata propela mpaka difu, na kutoka difu ikagawanyika kwa shafti mbili fupi kwenda katika magurudumu ya nyuma. Propela ina viungo viwili vya msalaba, ambavyo mafundi huviita krosi, na kila shafti fupi ina viwili. Jumla ni krosi sita. Tena difu ya gari hili haipandi na kushuka pamoja na magurudumu. Imefungwa chini ya bodi, na pua yake ya mbele hushikwa na mpira mmoja mnene, na juu yake umepita mkanda wa kuizuia isiruke. Mpira huo tutaurudia.

Sasa, mwenye gari akija, usimwulize kelele inatoka wapi, kwa maana chuma hupeleka sauti mbali na kuwadanganya watu. Mwulize inatoka lini. Mpiga ngoma wa sengenya hutambua ngoma iliyolegea ngozi bila kuzifungua zote. Na fundi afanye vivyo hivyo.

Anzeni gari likiwa limesimama, injini ikinguruma polepole, gia haikutiwa. Ikiwa kuna mkwaruzo, nao ukanyamaza ukanyagapo klachi, tazameni upande wa gia boksi, hasa beringi ya shafti iingiayo. Ikiwa palikuwa kimya, na mkwaruzo ukaanza mara ukanyagapo, shuku beringi ya klachi yenyewe.

Kisha liendesheni gari. Sisi wa Kwale tuna njia njema ya kujaribia: ile ya kutoka Kombani kupanda mjini Kwale. Mlimani difu huvuta mzigo. Mteremkoni magurudumu huisukuma injini. Mlio mwembamba kama wa nyuki, usikikao wakati wa kuvuta na kubadilika au kunyamaza mguu utolewapo katika mafuta, kwa kawaida ni wa meno ya difu au beringi zake. Ngurumo iongezekayo gari likatapo kona upande mmoja ni ya beringi ya gurudumu la upande wa nje wa kona. Mlio mkali wa kukariri, mfano wa kindege, mwendo ukiwa mdogo, ni krosi iliyokauka grisi. Na kama mnashuku difu, iacheni lami mwingie barabara ya mchanga: kelele ikibadilika mara hiyo, huenda ni matairi tu.

Lakini ugonjwa mashuhuri wa Datsun hii ni kishindo. Gari likiondoka, pana "ko!" chini ya kiti. Mguu ukitolewa, "ko!" tena. Huko Likoni, gari lipandapo kutoka feri, husikika. Na katika kila tuta mpaka Msambweni, dereva apunguzapo mwendo na kuongeza tena, husikika. Hapo ndipo watu wengi huhukumu difu kuwa imekufa, nayo ni nzima.

Fanyeni hivi. Zuieni magurudumu ya mbele kwa magogo, inueni nyuma kwa jeki, kisha wekeni stendi za chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali au mawe ya matumbawe, maana mawe hayo hupasuka ghafula. Tieni mtaimbo chini ya pua ya difu, mwinue taratibu. Pua ikipanda kwa wepesi, mpira umepasuka. Wakati wa kuondoka difu hutaka kuinua pua yake. Mpira ukiwa umekatika, pua huruka na kugonga, na mguu utolewapo huanguka tena. Kishindo chote ni hicho.

Kabla ya kutia mpira mpya, tazameni ulikufa kwa nini. Mara nyingi sili ya mbele ya difu huvuja, na oili huulainisha mpira mpaka ukaoza. Mkibadili mpira mkaiacha sili, mtarudi pale pale.

Mpira ukiwa mzima, shikeni propela na shafti moja moja, mzizungushe huku na huku. Krosi yenye mchezo imekwisha; na vumbi jekundu la kutu kandokando ya vikombe vyake ni ushahidi. Pwani yetu ina hewa ya chumvi, nayo hula chuma kilichokosa grisi. Kabla ya kuifungua propela, tieni alama ya rangi pande zote mbili, ili irudi kama ilivyokuwa. Isiporudi sawasawa yaweza kuleta mtetemo usiokuwapo.

Mwisho kabisa ndiyo difu. Fungueni kwanza tundu la kutilia oili, ndipo la kumwagia. Kwa maana likigoma la kutilia na oili imekwisha kumwagika, gari haliendi popote. Itazameni oili. Ute wa kijivu, laini, ni wa kawaida. Vipande mfano wa chenga za mchele ni hatari. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia, pengine gari lilivuka mto difu ikiwa moto. Oili ya difu isitiwe ovyo katika gia boksi, kwani namna nyingine hudhuru shaba iliyomo ndani. Someni kitabu cha gari.

Mtaona kwamba nimetoka katika kipimo kisicho na gharama, nikaja katika kilicho rahisi, na kazi nzito nimeiacha nyuma. Bei ya mpira mmoja na sili moja ni ndogo sana ikilinganishwa na ya difu nzima. Fundi amwambiaye mteja ukweli huo hupata faida ndogo siku ile, lakini mteja hurudi naye huleta jirani.

Tena si fedha peke yake. Matatu nyingi na malori ya barabara ya Lunga Lunga yana propela na krosi kama Datsun ile. Krosi ikivunjika kwa mwendo wa kasi, propela yaweza kuanguka mbele ikachoma lami, au kupiga mpaka ikakata bomba la breki, na gari limejaa abiria. Kabla ya siku hiyo, mara nyingi ililia majuma mengi na dereva akaongeza sauti ya redio. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo nawasihi, kila fundi awe na daftari. Andikeni kelele ilisikika lini, mlijaribu nini, mkaona nini, na dawa ilikuwa ipi. Na ninyi mafundi wazee, muwachukue vijana pamoja nanyi katika gari mnapolijaribu, mwaambie wafumbe macho na kusikiliza. Elimu iliyo masikioni mwenu haimo katika kitabu chochote cha kiwanda.