FEDHA ZA UMMA NA HUDUMA ZA SERIKALI ZINAZOVUKA MIPAKA KWA NJIA YA ELEKTRONIKI BARANI ULAYA

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa serikali na wananchi



Baina ya mji wa Helsinki, makao makuu ya Finland, na mji wa Tallinn, makao makuu ya Estonia, pana bahari ya kilomita zipatazo 80, masafa yasiyopishana sana na yale ya Unguja na Dar es Salaam. Boti huyakata kwa muda wa saa mbili hivi, na watu huvuka kila siku kwa kazi, kwa biashara na kwa kutembeleana. Mtu wa Helsinki aliyesahau nyumbani dawa zake za shinikizo la damu, akazikumbuka keshafika Tallinn, kwa muda mrefu alikuwa katika shida. Cheti chake cha dawa kilikuwemo ndani ya kompyuta za Finland, wala mfamasia wa Estonia hakuwa na njia ya kukiona. Asiyechukua cheti cha karatasi ilimlazimu ama arejee kwao, ama amtafute daktari wa pale na kuanza upya.

Kufikia mwezi Januari 2019 hali hiyo ilibadilika. Mgonjwa wa Finland aliyekwishatoa idhini yake huenda katika duka la dawa la Estonia akionyesha kitambulisho. Mfamasia huuliza kituo cha afya cha mawasiliano cha Estonia. Kituo hicho humuuliza mwenzake wa Finland. Cheti hutolewa katika hazina ya vyeti inayotunzwa na Kela, yaani taasisi ya bima ya jamii ya Finland, kikageuzwa katika muundo unaofahamika pande zote mbili, na kikasomwa Tallinn. Dawa ikishatolewa, habari hurudi Finland ili mgonjwa asiweze kuichukua mara ya pili. Mwaka uliofuata mlango ulifunguliwa upande wa pili, na Waestonia nao wakaweza kuchukua dawa zao Finland.

Jambo hili halijakamilika kama linavyosikika. Mgonjwa hulipa bei kamili dukani, kisha huomba Kela imrejeshee sehemu yake. Dawa zinazohesabiwa kuwa za kulevya hazimo katika utaratibu huo. Aidha, dawa moja huweza kuwa na jina jengine la kibiashara nchi ya pili, kwa hiyo ilibidi wataalamu wakubaliane kwanza juu ya namba maalumu za viini vya dawa, vipimo na namna ya kuzitumia, kabla ya waya wowote kuunganishwa. Anayeijua kazi ya masijala atafahamu kwamba uzito wa shughuli ulikuwa hapo, katika kuhakikisha kwamba majalada ya nyumba mbili yanaitwa kwa majina mamoja.

Swali linalowahusu watumishi wa serikali ni hili: nani alipe? Kila hazina hutoza kodi kwa watu wake na hutumia kwa watu wake. Waziri wa Fedha wa Estonia akiombwa kasma kwa ajili ya kuwahudumia wagonjwa wa Finland, ana haki ya kuuliza mlipa kodi wa Estonia atafaidika nini. Mwenzake wa Finland ataulizwa swali hilo hilo na Bunge lake. Wote wawili wana sababu njema ya kungoja, na ile sehemu ya kazi iliyo katikati ya bahari hubaki bila mwenyewe. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliona hapana budi kuwepo na fungu la pamoja.

Fungu hilo halikuanza jana. Mwaka 1995 ulianzishwa mpango uliojulikana kwa herufi IDA, azma yake ikiwa ni kuwezesha idara za serikali za nchi wanachama kubadilishana taarifa kwa kompyuta. Ulifuatiwa na mipango mengine ya aina hiyo mwaka 2005, 2010 na 2016, yote ya fedha za wastani. Kuanzia mwaka 2008 ikaja miradi mikubwa ya majaribio: STORK kwa ajili ya utambulisho wa mtu, PEPPOL kwa ajili ya manunuzi ya serikali, epSOS kwa ajili ya afya, na baadaye e-CODEX kwa ajili ya mahakama. Umoja ulichangia nusu ya gharama, nchi zilizoshiriki zikatoa nusu ya pili.

Miradi ya majaribio ina tabia moja ambayo kila aliyekaa ofisini ameiona. Huzinduliwa kwa sherehe, hufanya kazi kwa miaka mitatu, ripoti huandikwa, fedha humalizika, na mashine huzimwa. Miradi hii ilithibitisha kwamba kitambulisho cha nchi moja kinaweza kusomwa na kompyuta ya nchi nyengine. Haikuonyesha nani atalipa umeme na mishahara siku ya pili yake.

Mnamo mwezi Oktoba 2011 Kamisheni ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza fungu kubwa la kuunganisha Ulaya, la barabara, reli, nishati na mawasiliano, lenye yuro bilioni 50. Kati ya hizo bilioni 9.2 zilikusudiwa mitandao ya kasi na huduma za elektroniki. Mwezi Februari 2013 wakuu wa nchi walikutana Brussels kupanga bajeti ya miaka saba, 2014 hadi 2020, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Umoja huo wakaafikiana bajeti ndogo kuliko iliyotangulia. Ilikuwa ni wakati wa madeni na ukata. Zile bilioni 9.2 zikateremshwa hadi kama bilioni 1. Mitandao ya kasi ndiyo iliyopoteza zaidi. Sehemu kubwa ya kilichobaki ikaachiwa huduma.

Yamkini mkato huo, ijapokuwa ulikuwa mchungu, uliwalazimisha watayarishaji kufikiri vizuri zaidi. Fedha zisipotosha kujenga kila kitu, lazima iulizwe ni kitu gani hasa ambacho hapana atakayekijenga peke yake. Jawabu limo katika Kanuni Namba 283 ya mwaka 2014. Kanuni hiyo iligawa kila huduma sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kiini cha pamoja: mtambo wa kati, viwango, programu na msaada wa kiufundi, ambavyo Umoja wenyewe ulivitangazia zabuni na kuvilipia. Sehemu ya pili ni kiungo cha kila nchi, kinachoufunga mfumo wa kitaifa na kile kiini. Hicho nchi zilikiombea ruzuku isiyozidi asilimia 75 ya gharama zinazokubalika. Vifaa vya msingi, kama vile utambulisho, saini ya elektroniki, upelekaji wa nyaraka, hati za madai ya malipo na tafsiri, vilitakiwa vitengenezwe mara moja na vitumiwe na afya, mahakama, forodha na wengineo, badala ya kila wizara kujitengenezea vyake.

Katika vifaa hivyo, kile cha tafsiri kinastahiki kutajwa peke yake. Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24. Mojawapo ni Kimalta, lugha yenye asili ya Kiarabu inayosemwa katika visiwa vya Malta, nchi ya watu wapatao nusu milioni. Mfanyabiashara atakayewekeza fedha nyingi katika mashine ya kutafsiri Kimalta ni wa kutafutwa kwa taa, kwani soko lake ni dogo. Mtambo wa tafsiri wa Kamisheni, uliofunguliwa mwaka 2017 na kugharimiwa na fungu hilo, unazihudumia lugha zote 24. Karani wa Valletta hupata tafsiri ya hati kama anavyoipata karani wa Berlin. Hapa fedha za umma zilifanya kazi ambayo biashara isingeifanya.

Ama kuhusu zile asilimia 75, hapana budi zieleweke sawasawa. Zilitolewa kwa mradi wenye mwanzo na mwisho. Wito hutangazwa, nchi hupeleka maombi, wataalamu huyapima, mkataba hutiwa saini, sehemu ya fedha hutangulizwa na iliyobaki hulipwa baada ya ripoti na hesabu kukubaliwa. Asilimia 25 zilitoka nyumbani, na baada ya mradi kwisha asilimia 100 ya uendeshaji zilitoka nyumbani. Ruzuku hujenga mlango, lakini haimlipi bawabu. Wizara iliyoomba ruzuku bila ya kuweka kasma ya miaka inayofuata imejiwekea deni, hata kama karatasi zake zinaonyesha imepata msaada.

Gharama ya bawabu ilionekana dhahiri Estonia mwaka 2017. Kasoro iligunduliwa katika kidude cha ndani ya vitambulisho vya taifa, na vitambulisho vipatavyo 750,000 viliguswa, katika nchi yenye watu milioni 1.3. Mwezi Novemba serikali ilisimamisha vyeti vya elektroniki vya vitambulisho hivyo mpaka viwekwe upya. Kazi hiyo haikuwemo katika mradi wowote, na ilihitaji mafundi waliopo kazini siku hiyo hiyo.

Wala haikuwa Estonia peke yake iliyopata mtihani. Mwezi Mei 2018 Kamisheni ilifungua maombi ya mpango wa WiFi4EU, uliozipa serikali za mitaa hati za yuro 15,000 kila moja kwa ajili ya intaneti ya bure katika viwanja na maktaba. Kanuni ilikuwa anayetangulia ndiye anayepata. Mtambo wa kupokea maombi ukawa na hitilafu, baadhi ya miji ikashindwa kuomba sawa na wenzao, na wito mzima ukafutwa. Ulirejewa mwezi Novemba mwaka huo. Ni jambo la kutia haya kidogo kwamba mpango wa kueneza elektroniki ulikwamishwa na fomu yake ya elektroniki. Lakini kuufuta kulikuwa ni haki, kwa sababu mji uliozuiliwa na hitilafu usingeweza kuambiwa kuwa umechelewa.

Fedha peke yake zisingetosha bila ya sheria. Kanuni Namba 910 ya mwaka 2014 iliamuru kwamba, kuanzia tarehe 29 Septemba 2018, ofisi ya umma inayowakubalia watu wake kujitambulisha kwa elektroniki lazima ivikubali pia vitambulisho vya nchi nyengine vilivyosajiliwa kwa utaratibu wa Umoja na vyenye kiwango cha usalama kinachotakiwa. Ujerumani ilikuwa ya kwanza kukisajili chake, mwaka 2017. Hata hivyo kila nchi iliachiwa hiari ya kusajili au kutosajili, na kwa miaka kadhaa raia wa nchi ambazo hazikusajili walibaki nje ya mlango huo.

Mfano wa kuchelewa kwa kazi hizi ni mfumo wa hifadhi ya jamii, EESSI. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi Ureno, minane Ufaransa na mengine Luxembourg ana haki ya pensheni kutoka kila upande, na ofisi tatu lazima ziulizane juu ya michango yake. Kwa makumi ya miaka ziliulizana kwa fomu za karatasi. Mfumo wa elektroniki ulipangwa kukamilika mwaka 2012. Mtambo wa kati ulikuwa tayari Julai 2017, nchi 32 zikapewa miaka miwili kujiunga, na Julai 2019 ilipofika nchi kadhaa bado hazikuwa zimemaliza. Mzee anayengojea pensheni hawezi kuambiwa kwamba mradi umeongezewa muda; kwake yeye kila mwaka wa ucheleweshaji ni mwaka wa kungoja barua.

Kinyume chake ni cheti cha UVIKO-19. Kilipendekezwa mwezi Machi 2021, mlango wa kati wa kuhakiki ukafunguliwa tarehe 1 Juni, na kanuni yake ikaanza kutumika tarehe 1 Julai. Kasi hiyo ilitokana na hofu ya maradhi na hamu ya kuokoa msimu wa watalii, lakini pia na mazoea yaliyokwishapatikana katika kuunganisha mifumo ya afya kwa fedha za miaka iliyopita. Zaidi ya vyeti bilioni 2 vilitolewa, na mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo uwe msingi wa wake.

Tangu mwaka 2021 huduma hizi zimehamishiwa katika mpango wa Ulaya ya Kidijitali, uliotengewa yuro zipatazo bilioni 7.5 hadi mwaka 2027, ijapokuwa sehemu kubwa ya fedha hizo ni za kompyuta kubwa, akili bandia na usalama. Sheria nayo imesonga mbele. Kanuni ya mwaka 2018 ilizitaka nchi ziwezeshe shughuli 21, zikiwemo kuandikisha gari, kuomba msaada wa masomo na kupata hati ya kuzaliwa, zifanyike kwa elektroniki hata na raia wa nchi jirani, na tarehe 12 Disemba 2023 iliwekwa kuwa ya mwisho. Msingi wake ni kwamba hati ambayo serikali moja inayo tayari, mwananchi asitakiwe kuibeba yeye. Kanuni ya mwaka 2024 imeongeza kwamba kila nchi iwapatie watu wake mkoba wa elektroniki wa vitambulisho kufikia mwisho wa mwaka 2026, na mtu asiyeutaka asinyimwe huduma kwa sababu hiyo. Sharti hili la mwisho lina maana kubwa kwa wazee na kwa wasiokuwa na simu za kisasa, na lingepasa kuandikwa mapema zaidi.

Mwezi Julai 2025 Kamisheni ilitoa mapendekezo yake ya bajeti ya miaka 2028 hadi 2034. Humo mpango wa Ulaya ya Kidijitali hausimami tena peke yake, bali unaingizwa pamoja na mipango mengine katika mfuko mmoja mkubwa wa ushindani wa kiuchumi. Bunge la Ulaya na nchi wanachama ndio wenye kuamua, na miongoni mwa yanayongojea jawabu ni iwapo kiungo cha afya na kile cha pensheni vitakuwa na kasma yake, au vitashindana na viwanda.