Dalali, Simu na Hati: Uuzaji wa Nyumba Dar es Salaam Katika Zama za Mtandao



Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi, herufi kubwa: "Nyumba hii haiuzwi." Mwenye nyumba ameandika hivyo kwa sababu anajua yupo mtu asiyemfahamu anayeweza kuiuza yeye akiwa safarini, tena kwa mnunuzi mwema anayelipa fedha halali. Nimeombwa nizungumzie teknolojia na uuzaji wa nyumba. Nalazimika kusema mapema kwamba katika maeneo yasiyopimwa, brashi na kopo la rangi bado ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kutangaza nani mwenye mali.

Dalali wa zamani aliishi kwa siri moja tu: alijua nyumba gani inauzwa, nawe hukujua. Alikaa kijiweni, akakuzungusha uchochoro huu na ule mpaka usingeweza kurudi peke yako kesho yake, akatoza na hela ya kuonyesha. Leo siri hiyo iko Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp, pamoja na video yenye muziki na maneno tunayoyajua kwa moyo: ipo Goba, vyumba vitatu kimoja masta, marumaru, fensi, mita 200 kutoka lami, ina hati, maongezi yapo.

Kisichokuwepo kwenye tangazo hilo ni mahali. Mwaka 2022 Serikali iliendesha operesheni ya Anwani za Makazi: nyumba zikapewa namba, barabara zikapewa majina na vibao, na ikatolewa programu ya simu ya NaPA ya kumwongoza mtu hadi mlangoni. Muuzaji angeweza kuandika namba ya nyumba, mnunuzi akaenda mwenyewe jioni kusikiliza kama jirani ana baa. Haandiki. Akiandika, dalali anaona amekwisha. Tumepewa simu, chombo cha kufuta siri, nasi tumekitumia kuipigia siri ile ile tarumbeta.

Na kuna jambo ambalo simu imelizidisha badala ya kulipunguza, nalo ni cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni 80. Dalali wa mtaani anaituma kwa mwenzake kwa 83, wa pili anaipandisha kwenye kundi kwa 87, wa tatu anafuta maandishi ya wa pili juu ya picha na kuitangaza kwa 95. Zamani mnyororo huu ulikuwa na watu wawili watatu, kwa kuwa ilibidi wafahamiane. Sasa madalali wasiowahi kuonana wanaweza kuuza nyumba moja siku moja kwa bei tano, na baadhi yao hawajaiona hata kwa nje. Anayepoteza hapo ni mwenye nyumba: mali yake inaonekana kila ukurasa kwa bei zinazogongana, watu wanaanza kunong'ona kwamba ina kesi.

Wapo wanaosema kompyuta itamaliza ubishi wa bei. Wamarekani walijaribu. Zillow, tovuti yao kubwa ya nyumba, iliweka fedha zake kwenye makadirio ya mashine, ikawa inanunua nyumba yenyewe na kuziuza tena. Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo baada ya hasara kubwa. Na wenzetu wale wana kumbukumbu za wazi za mauzo katika majimbo mengi. Hapa kwetu mashine ingesoma nini? Bei iliyo kwenye tangazo ina cha juu ndani yake. Bei iliyo kwenye mkataba mara nyingi imeshushwa ili kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu visiume. Bei ya kweli wanaijua watu wawili waliohesabu fedha, basi.

Nije kwa mnunuzi aliye mbali, kwa sababu yeye ndiye mteja mpya kabisa aliyeletwa na simu. Yuko Muscat au London, anatembezwa chumba kwa chumba kwa video, anatuma malipo ya awali kabla ya kulala. Mambo mawili video haimwambii. La kwanza ni la kisheria: kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa kuwa hatuna uraia pacha, Mtanzania aliyechukua pasipoti ya nje kwa miaka mingi alihesabiwa mgeni mbele ya sheria hiyo. Ndipo nyumba zikaandikwa jina la shemeji, na ugomvi wa miaka kumi ukaanzia hapo. La pili ni maji. Video hupigwa kiangazi. Waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hili teknolojia ni msaada wa kweli: Google Earth ina picha za miaka ya nyuma, bure, na mtu wa London anaweza kuona kiwanja chake kilikuwa nini kabla hakijajazwa kifusi.

Sasa hati. Wizara ya Ardhi ina mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu, ulioanzia Dar es Salaam kwa jina la ILMIS. Kenya ilizindua Ardhisasa Aprili 2021, ikianzia Nairobi, na mawakili wa huko hawakukawia kulalamikia ucheleweshaji. Hata hivyo mwelekeo ni mzuri. Lakini upekuzi wa msajili unaonyesha jina lililosajiliwa, na nyumba zetu zina watu wengi kuliko jina hilo. Yupo mke: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Wapo warithi: hati bado ina jina la marehemu, anayeuza ni mtoto mkubwa, na msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama. Na sehemu kubwa ya nyumba za jiji hazina hati kabisa. Zinauzwa kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hapo hakuna seva ya kuuliza. Kuna mjumbe, kuna majirani wa mipakani, kuna bibi aliyehamia mtaani kabla ya umeme.

Kazi hiyo ya kuuliza ndiyo ninayoiona kuwa biashara ya dalali wa leo, naye bado anaifanya bure au haifanyi. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Dalali wetu wa mtaani anaanza kazi kwa bando na simu yenye kamera.

Napendekeza tujadili jambo moja mahususi. Tangazo lolote la nyumba yenye hati libebe tarehe ya upekuzi wa mwisho, na la nyumba isiyo na hati libebe jina la mtaa ambao ofisi yake imethibitisha muuzaji. Gharama zitoke kwenye kamisheni, na dalali asiyetaka kuzibeba asitumie picha za mwenzake. Najua wengine humu ndani hawatalipenda, hasa wenye makundi makubwa. Nawaomba waanze wao kuchangia.