Mmoja anatetemeka, mwingine anatoka jasho

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya baridi. Najua wewe uliyeko hapa Dar es Salaam, unayenisikiliza huku umefungua madirisha yote na feni inazunguka, utasema mtangazaji huyu leo amekosa la kusema. Nivumilie. Habari yenyewe ni ya mashine, lakini ndani yake mna mama mzazi na mkwe wake, na mambo hayo hata sisi tunayo.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Ilikuwa Januari. Mwezi huo, usiku wa huko unaweza kufika nyuzi 15 hata 20 chini ya sifuri kwa kipimo chetu cha Sentigredi. Mama yetu alikuwa ametangulia huko tangu Novemba kumwona mjukuu. Nilimkuta ghorofani, ameketi kitandani, mlango umefungwa, amevaa makoti mawili na kanga juu yake. Nilipomwamkia aliitikia, lakini hakuuliza habari za nyumbani. Alisema, "Mwanangu, umekuja wakati mzuri. Nirudishe kwetu. Huyu mkwe wangu amenichoka, ananizimia moto."

Nikashuka chini kwa shemeji. Huko nilikuta joto la Machi la Dar es Salaam. Shemeji amevaa gauni la mikono mifupi, mtoto amevuliwa nguo zote amebaki na nepi, na shingoni ametoka vipele vya joto. Shemeji naye alikuwa na lake moyoni. "Shemeji, mama anapandisha moto mpaka huku chini hatupumui. Nikimweleza, ananuna. Siku mbili hizi hataki hata chakula changu."

Nakiri kwamba kabla ya kumaliza chai nilikwisha anza kumtazama shemeji kwa jicho la pembeni. Mama ni mama.

Sasa nieleze kidogo nyumba ile ilivyo. Chini kabisa, katika chumba kilichochimbwa ardhini, mna tanuri moja la gesi. Tanuri hupasha hewa, feni huisukuma katika mabomba ya bati yaliyopita ndani ya kuta, nayo hutokea vyumbani kwenye matundu. Wakati wa kiangazi mabomba hayo hayo hupitisha hewa ya baridi. Nyumba imegawanywa kanda mbili, ya juu na ya chini. Kila ukanda una thamostati yake ukutani, yaani kile kidude unachokipangia kiasi cha joto unachotaka. Na ndani ya bomba la kila ukanda mna kilango cha bati kinachofunguliwa na kufungwa na mota ndogo.

Thamostati, kwa kweli, ni mjumbe tu. Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa jimbo jirani la Wisconsin, Warren Johnson, alipata hataza ya thamostati ya umeme ya vyumbani. Kabla ya hapo, mtunza shule alilazimika kuingia darasani kutazama joto, kisha ateremke chini kurekebisha moto. Johnson akaweka waya uende badala ya miguu. Basi hata leo, thamostati ya juu ikiona baridi hupeleka habari kwenye kibao cha umeme kilicho karibu na tanuri, na kibao huwasha tanuri na kufungua kilango cha juu.

Mdogo wangu alikwisha ita fundi. Fundi alibadilisha chujio la hewa, akatikisa kichwa, akasema tanuri limezeeka, linunuliwe jipya. Bei yake ilikuwa dola elfu kadhaa, na mdogo wangu alikuwa ameanza kutafuta mkopo.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaanza kuuliza. Tanuri linawaka? Linawaka, tena mchana kutwa. Basi tanuri lililochoka linampaje shemeji joto la Machi? Kimya. Haya, shida hii ilianza lini? Mwezi wa Oktoba, baridi ilipoingia. Na kabla ya hapo, nyumbani humu kulifanyika nini? Mdogo wangu akafikiri, akasema kibao cha umeme kiliungua Septemba, akaja mtu akaweka kipya.

Tukafanya jaribio ambalo halikugharimu hata senti. Tulishusha thamostati zote mbili mpaka tanuri na feni vikanyamaza. Kisha tukapandisha ya juu peke yake. Mimi nikasimama chumbani kwa mama, nimeshika kipande cha gazeti mbele ya tundu la hewa. Tanuri likanguruma. Dakika zikapita, gazeti halikutikisika. Mara nikamsikia mdogo wangu akipiga kelele kutoka chini: "Kaka, hewa inatoka huku!" Tukabadilisha, tukazima ya juu na kupandisha ya chini. Gazeti likaruka mkononi mwangu.

Ndugu msikilizaji, umeshaelewa. Nyaya zilikuwa zimepishana. Mjumbe wa juu alikuwa anabisha hodi kwenye mlango wa chini, na wa chini anabisha juu. Ni kama barua iliyoandikwa vizuri, ikatiwa stempu, kisha ikaingizwa katika sanduku la posta la jirani.

Tazama basi yaliyotokea. Mama anasikia baridi, anapandisha yake; joto lote linakwenda kwa shemeji. Shemeji anatoka jasho, anashusha yake. Kilango cha mama kinazidi kubaki kimefungwa. Ghorofani nyuzi 16, chini nyuzi 27. Kila mmoja akijitahidi kujiokoa anamwumiza mwenzake, wala hajui. Na tanuri haliwezi kupumzika, kwa sababu baridi linayoambiwa iondoke iko mahali ambapo joto halifiki. Nani analipa gesi? Mdogo wangu.

Tulimwita fundi mwingine, tukamweleza tulichokiona. Alizima umeme kwanza, ndipo akafungua kibao. Nyaya za thamostati zile hupitisha volti 24 tu, lakini tanuri lenyewe lina umeme mkubwa na gesi, na hapo si mahali pa mtu wa redio kutia mkono. Akafungua nyaya za ukanda mmoja, akazihamishia kwenye nafasi ya mwenzake, na za mwenzake akazileta huku. Kazi yote ilikwisha katika robo saa. Tanuri kuukuu lile likabaki pale pale.

Kwetu pwani hatuna matanuri, lakini tuna viyoyozi, na tabia ni ile ile. Kiyoyozi kikishindwa kupoza, neno la kwanza la fundi ni "gesi imeisha." Gesi ile hailiki kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani kwa ndani, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Ukiijaza bila kuziba tundu umelipia hewa. Na mara nyingi si gesi hata kidogo. Ni chujio lililoziba kwa vumbi, au mlango unaobaki wazi, au kiyoyozi kimepangiwa nyuzi ambazo hakuna aliyezitazama tangu kilipofungwa. Anza na lile lililo rahisi. Jaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Uliza nini kilibadilika kabla ya shida kuanza. Fundi mzuri hatachukia maswali hayo, asiyeyapenda, mwogope.

Lakini lililonikaa zaidi si hilo. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mama alisema anasikia baridi, na alisema kweli. Shemeji alisema anaungua, naye alisema kweli. Sisi wanaume wawili tulikuwa katikati tukitafuta nani mwongo, kumbe hapakuwa na mwongo nyumbani humo. Nafikiri ni mara ngapi, katika ofisi zetu na nyumba zetu, tumesuluhisha ugomvi kwa kumtafuta mwenye makosa, wala hatukwenda kutazama nyaya.

Jioni ile thamostati zote mbili zilisoma nyuzi 21. Mama alishuka ngazi polepole, amevua makoti, kanga moja begani. Hakuomba radhi, wala shemeji hakumdai. Alinyosha mikono tu akasema, "Nipe huyo mtoto, mwanangu, ukapumzike."

Habari ya kurudi nyumbani hakuitaja tena mpaka Aprili. Kwa leo naishia hapa, ndugu msikilizaji. Nakutakia jioni njema.