Ukihamia Mjini na Mzee



Watoto wetu wanahamia Eldoret, iliyofanywa jiji mwaka wa 2024. Wengine wanakwenda na mama au nyanya aliyebaki peke yake shambani. Hilo ni jema. Shida ni kwamba nyumba hutafutwa kwa kuangalia kodi tu. Chumba cha gorofa ya nne kinaweza kuwa rahisi, lakini mzee asiyeweza ngazi atashinda humo kama mfungwa.

Kwa hivyo, kabla hujalipa depositi, angalia haya:

Kwanza, ngazi. Tafuta chumba cha chini.

Pili, choo. Kiko ndani, au mwisho wa ploti? Usiku atafikaje? Magoti yake yanaweza kuchuchumaa?

Tatu, maji. Yakipotea, nani atabeba mtungi? Waulize wapangaji, si ajenti peke yake.

Nne, matibabu. Je, kuna zahanati karibu inayopokea SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka wa 2024?

Tano, majirani. Mchana wewe uko kazini. Akianguka, nani atamsikia?

Halafu, ndugu zangu, mzee si gunia la mahindi la kupakiwa kwenye lori. Mpeleke aione nyumba kwa macho yake. Akisema, "Hapa sitaweza," msikilize, hata kama umechoka kutafuta.

Na nyinyi mnaobaki kijijini, msimkatie mzee jina kwenye kikundi. Atakuja kuwasalimu, na atataka kukuta kiti chake.