Ubeti wa sita

Watunzi wetu wengi wakiandika shairi la uzalendo hutaja Mlima Kilimanjaro, bendera, twiga na Mwenge, wakaridhika. Vina vinalingana, mizani inatimia, lakini huambiwi nchi hiyo ina watu gani na wanakula nini.

Alama hizo zina maneno yake. Itazameni nembo ya taifa. Katika ngao mna jembe na shoka, na miguuni pa bwana na bibi wanaoishika iko mikarafuu na pamba. Ni mkulima tupu! Mshairi anaisifu ngao, jembe halioni. Wimbo wa taifa nao, ambao tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, unaiombea kwanza Afrika nzima. Tanzania inakuja katika ubeti wa pili. Wanaoimba uzalendo wa kuwabeza majirani sijui wameusoma wapi.

Wapo wanaosema kasoro hii ililetwa na ngonjera. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi waeneze Azimio la Arusha lililotangazwa mwaka uliotangulia, na marehemu Mathias Mnyampala akaukuza sana utanzu huo. Kwamba ilikuwa kazi ya siasa, hilo halina ubishi. Lakini ngonjera ni majibizano. Mmoja hasadiki, anauliza, anakaidi. Mwenzake humjibu mpaka waelewane. Kwa hiyo hata katika siku zile za chama kimoja, mwenye shaka alipewa zamu yake ya kusema, ijapokuwa mshindi alijulikana mapema.

Siku hizi mwenye shaka ameondolewa jukwaani. Watoto wanasimama juani, wote upande mmoja, wanamsifu mgeni rasmi, suti yake na gari lake, na mwishoni wanapeperusha vibendera vya karatasi. Huo ni utenzi wa mtu mmoja, nchi imesingiziwa tu.

Hata hivyo, wako walimu wajanja. Beti tano wanasifu, ubeti wa sita wanaingiza kisima kilichokauka na wanafunzi wanaokaa chini kwa kukosa madawati. Mimi uzalendo nauona hapo, katika ubeti ambao mgeni rasmi huanza kupekuapekua karatasi zake.

Nanyi wahariri wa kurasa za mashairi, ubeti huo ukiletwa, msiukate kwa kisingizio cha nafasi.